Ufaransa 1789 au Ethiopia 1974: uanze na mapinduzi yapi?

Ukitaka kuelewa jinsi mapinduzi yanavyoufumua ufalme, serikali yake, kanisa lake na matabaka yake, na una nafasi ya kusoma kwa kina habari za nchi moja tu, karibu kila mwalimu atakuambia usome Ufaransa. Ushauri huo si mbaya, ila umezoeleka mno. Ethiopia iliuangusha ufalme uliojitangaza kuwa wa ukoo wa Mfalme Sulemani, ikavunja ukabaila kwa tangazo la siku moja na kulipokonya kanisa la kale ardhi yake, na watu walioyaona hayo kwa macho yao bado wapo. Hapa ninaziweka nchi hizo mbili ubavu kwa ubavu, na nitasema bila kuzunguka ni wapi moja inamfaa msomaji kuliko nyingine.

Kwanza niondoe maswali ambayo najua yatakuja. Urusi ya 1917 nimeiacha kwa sababu wengi wameisoma shuleni, na ukiigusa tu mjadala unageuka kuwa wa Lenin na chama chake. Zanzibar ya Januari 1964 ilimwondoa sultani, lakini suala la kanisa lenye ardhi na mamlaka ya dola halikuwapo. Rwanda ya 1959 hadi 1961 ina mfalme, ina Kanisa, ina matabaka, ila Mbelgiji alikuwa bado ndiye mtawala, na hilo linabadilisha hesabu nzima.

Nini kilitangulia kuanguka

Kwangu mimi tofauti kubwa kuliko zote ni hii. Ufaransa, hazina ilikauka kwanza, kanisa likafuata, mfalme akaja mwisho. Ethiopia, mfalme ndiye aliyetangulia, ardhi ikafuata, kanisa likaja nyuma. Ukiushika mpangilio huo, mengi yaliyobaki yanajieleza yenyewe.

Louis wa 16 hakuondolewa na watu waliokuwa wamepanga kumwondoa. Alikuwa na deni. Vita vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza vilikuwa vimeongeza mzigo juu ya mzigo, na karibu nusu ya mapato ya serikali yalikuwa yakienda kulipa deni, huku makabaila na viongozi wa kanisa wakiwa na misamaha mingi ya kodi. Alipokosa njia nyingine akaliitisha Baraza la Matabaka Matatu, ambalo halikuwa limekaa tangu 1614. Likafunguliwa Versailles tarehe 5 Mei 1789. Wiki sita baadaye, tarehe 17 Juni, wajumbe wa tabaka la tatu, yaani watu wasio makabaila wala viongozi wa dini, wakajiita Bunge la Taifa. Gereza la Bastille lilivamiwa tarehe 14 Julai, na ndani yake walikutwa wafungwa 7 tu. Baada ya hapo Louis aliendelea kuwa mfalme kwa miaka mitatu zaidi, jambo ambalo wengi hulisahau.

Ethiopia ilianzia kambini. Januari 1974 askari wa Negele, kusini mwa nchi, waligoma kwa sababu ya chakula kibovu na ukosefu wa maji. Jenerali aliyetumwa kutoka Addis Ababa kuwatuliza wakamzuia, wakamlisha chakula kile kile walichokuwa wakila wao. Februari wakaingia madereva wa teksi kwa sababu ya bei ya petroli, walimu kwa sababu ya mpango mpya wa elimu, na wanafunzi ambao tangu 1965 walikuwa wakiandamana wakidai ardhi apewe mkulima anayeilima. Juni ikaundwa kamati ya wanajeshi wapatao 120, ikajulikana kama Derg. Haikumgusa mfalme mara moja. Iliwakamata mawaziri, majenerali na makabaila mmoja mmoja, huku ikiendelea kutangaza utii kwake, mpaka akabaki peke yake ikulu.

Usiku wa tarehe 11 Septemba televisheni ikaonyesha picha za njaa ya Wollo, kaskazini mwa nchi, zikichanganywa na picha za karamu za ikulu. Asubuhi yake maofisa wachache wakamsomea Haile Selassie tangazo la kumwondoa. Alikuwa ametawala kama mfalme mkuu tangu 1930. Wakamtoa nje na kumpakia kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo aina ya Volkswagen, lile la mgongo wa kobe. Mzee wa miaka 82, aliyezoea msafara, aliondoka hivyo.

Serikali

Anayependa katiba aende Ufaransa bila kufikiri mara mbili. Kati ya 1791 na 1799 zilitungwa katiba nne. Ya kwanza ilimbakiza mfalme akiwa na uwezo wa kuchelewesha sheria. Ya 1793 iliahidi kura kwa wanaume wote lakini haikutumika hata siku moja. Ya 1795 ikarudisha masharti ya mali. Na ya 1799 ikamkabidhi nchi Napoleon Bonaparte kwa jina la Konsuli wa Kwanza. Ukizifuata katiba hizo kwa zamu unaona mamlaka yakitoka mikononi mwa mtu mmoja, yakienda kwa bunge, yakienda kwa kamati, kisha yakirudi kwa mtu mmoja mwenye jeshi.

Ethiopia ni kinyume chake. Katiba ya 1955 ilisema ukoo wa mfalme unatokana na Menelik wa Kwanza, mwana wa Sulemani na Malkia wa Sheba, na kwamba nafsi yake ni takatifu. Ilisimamishwa siku ile ile ya 12 Septemba 1974. Katiba nyingine haikupatikana hadi 1987. Kwa miaka 13 nchi iliendeshwa kwa matangazo yenye namba, na mwanzoni hata majina ya wajumbe wa Derg hayakutajwa hadharani. Wewe msomaji utalipia hilo: kwa Ufaransa utasoma hotuba za bungeni neno kwa neno, utajua nani alimjibu nani, kwa Ethiopia mara nyingi unaona uamuzi uliokwisha kutoka chumbani, na hoja zilizopingana ndani yake unazipata vipande vipande kutoka kwa waliosalimika.

Tazama walivyowatendea wafalme wao. Louis alijaribu kutoroka Juni 1791, akakamatwa Varennes, akavuliwa madaraka baada ya ikulu ya Tuileries kuvamiwa tarehe 10 Agosti 1792, kisha akashtakiwa mbele ya bunge. Wabunge walipiga kura mmoja mmoja kwa sauti, wakipanda jukwaani usiku na mchana. Kura 387 kati ya 721 zilitaka auawe, na tarehe 21 Januari 1793 akakatwa kichwa mbele ya umati. Haile Selassie hakushtakiwa popote. Agosti 1975 redio ilitangaza kuwa amefariki kwa maradhi. Mifupa yake ilichimbuliwa kwenye uwanja wa ikulu mwaka 1992, na akazikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu Novemba 2000. Hata watu wake hawakupata kesi: tarehe 23 Novemba 1974 wakubwa wapatao 60 wa utawala wa zamani, wakiwemo mawaziri wakuu wawili wa zamani, walipigwa risasi usiku mmoja.

Kwa umwagaji damu uliofuata, nchi zote mbili zinalingana zaidi ya wanavyopenda kukiri wanaozitetea. Mahakama za Ufaransa ziliwahukumu kifo watu kama 17,000 kati ya 1793 na 1794, bila kuhesabu waliofia magerezani na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Vendée. Ethiopia ya 1977 na 1978, chini ya Mengistu Haile Mariam, kiongozi wa Derg, iliua makumi ya maelfu, wengi wao vijana wasomi wa mrengo wa kushoto ambao ndio waliokuwa wameyaimba mapinduzi tangu chuoni. Maiti ziliachwa barabarani zikiwa na maandishi.

Kilichobaki hadi leo ni mipaka na ofisi. Mikoa 83 iliyochorwa Ufaransa mwaka 1790 ndiyo mizizi ya mikoa ya sasa. Kebele, kamati za mitaa zilizozaliwa Ethiopia mwaka 1975, bado ndipo mwananchi anapokwenda kuomba kitambulisho.

Kanisa: hapa Ufaransa inashinda

Kama swali lako ni la dini na dola, chagua Ufaransa, na wala usijute. Sababu ni kwamba kule kanisa ndilo lililoyapasua mapinduzi katikati.

Kanisa Katoliki lilikuwa na takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yote, lilikusanya zaka, liliandikisha vizazi na vifo, liliendesha shule na hospitali. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge lilifuta haki za kikabaila, na zaka nayo ikaingia kwenye orodha ya vilivyofutwa. Tarehe 2 Novemba mali za kanisa zikawekwa mikononi mwa taifa ili zilipe deni, na aliyeitoa hoja hiyo alikuwa askofu, Talleyrand wa Autun. Serikali ikachapisha karatasi za thamani zilizoitwa assignat, dhamana yake ikiwa mashamba ya kanisa yatakayouzwa. Muda si mrefu zikawa fedha ya kawaida, zikachapishwa kupita kiasi, zikakosa thamani.

Baada ya kuchukua mali, serikali ililazimika kuwalipa mapadri mshahara. Na anayelipa mshahara hutaka kupanga kazi. Sheria ya Julai 1790 ikapunguza majimbo ya kanisa kutoka zaidi ya 130 hadi 83, moja kwa kila mkoa, na kuamuru maaskofu na maparoko wachaguliwe kwa kura za wananchi. Papa hakuombwa ruhusa. Novemba mwaka huo kikaja kiapo.

Kiapo hiki kinahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kilifanyika kanisani, Jumapili, baada ya Misa, mbele ya waumini na viongozi wa halmashauri. Paroko anasimama pale pale alipokuwa akihubiri, anatamka kwamba atakuwa mwaminifu kwa taifa, kwa sheria na kwa mfalme, na ataitetea katiba kwa uwezo wake wote. Mwandishi wa halmashauri anaandika. Wengine waliongeza maneno yao, kwamba wanaapa isipokuwa katika mambo ya roho, na maofisa wakabaki wakikuna vichwa kama kiapo cha namna hiyo ni kiapo au si kiapo. Karibu nusu ya maparoko waliapa. Kwa upande wa maaskofu, walioapa walikuwa 7 tu. Kuna vijiji ambako wanawake walimfukuza paroko mpya aliyechaguliwa, na vingine ambako yule aliyekataa ndiye aliyefukuzwa.

Tangu hapo kila kijiji kilikuwa na pande mbili. Mfalme mwenyewe, mtu wa sala, hakutaka kupokea sakramenti kwa padri aliyeapa, na hilo ni mojawapo ya yaliyomsukuma kutoroka. Machi 1793 wakulima wa Vendée, magharibi mwa nchi, wakashika silaha kwa sababu ya mapadri wao na kwa sababu ya kuandikishwa jeshini. Novemba mwaka huo kanisa kuu la Notre-Dame likageuzwa Hekalu la Akili. Amani ilikuja mwaka 1801, Napoleon alipopatana na Papa Pius wa Saba: Ukatoliki ukatambuliwa kuwa dini ya Wafaransa walio wengi, na kanisa likakubali kutodai tena mashamba yaliyokwisha kuuzwa. Dini na dola zilitenganishwa kwa sheria ya kudumu mwaka 1905.

Ethiopia mambo yalikwenda kwa sauti ya chini. Kanisa la Orthodox la Tewahedo lilikuwa limepata Patriaki wake wa kwanza Mwethiopia mwaka 1959 tu, baada ya karne nyingi za kupokea askofu mkuu kutoka Misri. Lilikuwa dini rasmi, lilimtia mfalme mafuta, na lilikuwa na ardhi na haki ya kukusanya mazao ya wakulima. Mapinduzi yakaondoa ardhi na hadhi ya dini rasmi, lakini hayakudai kiapo cha kila kasisi wa kijijini. Watawala wapya waliushika uongozi wa juu. Patriaki Theophilos aliondolewa mwaka 1976, akafungwa, akauawa mwaka 1979. Nafasi yake akapewa mtawa wa mashambani, Takla Haymanot, ambaye Kanisa la Aleksandria, lile la Misri, halikumtambua kwa kuwa mtangulizi wake alikuwa bado hai. Kijijini, siku za mfungo na sikukuu ya Timkat, ya ubatizo wa Yesu, ziliendelea. Walioumia sana walikuwa Waprotestanti: makanisa yao mengi yalifungwa, na kiongozi wa kanisa la Mekane Yesus, Gudina Tumsa, alitekwa na kuuawa mwaka 1979.

Kuna upande mmoja ambao Ethiopia inao na Ufaransa haina kwa uzito huo: Waislamu. Aprili 1974, kabla mfalme hajaondoka, umati mkubwa wa Waislamu uliandamana Addis Ababa ukidai haki sawa, na Wakristo wengi wakaungana nao. Ndani ya mwaka huo Idi na Maulidi zikawa sikukuu za taifa. Kwa msomaji wa pwani yetu, ambaye anajua maana ya dini mbili kukaa mtaa mmoja, sura hii peke yake inatosha kumvuta.

Ardhi na matabaka: hapa Ethiopia

Tarehe 4 Machi 1975 lilitoka tangazo namba 31. Ardhi yote ya vijijini ikawa mali ya umma. Familia isilime zaidi ya hekta 10. Ardhi isiuzwe, isikodishwe, isiwekwe rehani. Mpangaji hadaiwi tena kodi wala deni na aliyekuwa mwenye shamba. Hakuna fidia ya ardhi. Wakulima waunde vyama vyao, kila kimoja kwenye eneo la takriban hekta 800, na vyama hivyo ndivyo vigawe mashamba.

Uzito wa maneno hayo unaonekana kusini. Huko, tangu vita vya mfalme Menelik wa Pili mwishoni mwa karne ya 19, askari na maofisa kutoka kaskazini walikuwa wamepewa ardhi pamoja na watu wanaokaa juu yake. Mkulima alitoa nusu ya mavuno, mahali pengine zaidi, kisha akajenga nyumba ya bwana na kumsagia nafaka. Msomaji wa Kagera anayekumbuka habari za nyarubanja, ukabaila wa ardhi wa huko, ataelewa haraka. Serikali ilikuwa imewatuma vijijini wanafunzi na walimu wapatao 60,000, na walipofika na tangazo hilo, wakulima wa kusini walilipokea kwa shangwe na pengine kwa silaha. Kaskazini, ambako ardhi ilirithiwa kiukoo na wengi walikuwa na kipande chao, tangazo lile lile lilipokewa kwa mashaka. Julai 1975 ikaja zamu ya mjini: familia moja nyumba moja, za ziada zichukuliwe.

Ufaransa ilichukua njia ndefu. Ule usiku wa Agosti 1789 ulisifiwa sana, lakini malipo mengi ya kikabaila yalitakiwa kwanza yakombolewe kwa fedha. Yalifutwa bila fidia tarehe 17 Julai 1793. Mashamba ya kanisa, na baadaye ya makabaila waliokimbia nchi, yaliuzwa kwa mnada. Aliyenunua ni mwenye pesa: mfanyabiashara wa mjini, wakili, mkulima tajiri. Mkulima mdogo alipata kidogo, kibarua hakupata kitu. Vyeo vya kikabaila vilifutwa Juni 1790, vikarudi kwa sura nyingine chini ya Napoleon. Lakini waliokwisha kununua hawakunyang'anywa tena, hata wafalme waliporudi mwaka 1814.

Matokeo ni matabaka ya aina mbili tofauti kabisa. Ufaransa ilizaa wenye mali wapya, wengi, wenye hati mkononi. Ethiopia ilimfuta bwana shamba na kuiweka serikali mahali pake. Muda si mrefu vyama vya wakulima vikawa vya kukusanya kodi, kuandikisha vijana jeshini na kutoza mgawo wa nafaka kwa bei iliyopangwa, na kuanzia 1985 serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vipya, miaka kumi hivi baada ya Operesheni Vijiji ya Tanzania. Mengistu alikimbia tarehe 21 Mei 1991, akapitia Nairobi kwenda Zimbabwe, ila ardhi haikurudi kwa watu binafsi: katiba ya 1995 bado inakataza kuiuza.

Neno moja kwa wanaoisifu Ufaransa kwa usawa. Tamko la Haki za Binadamu na Raia ni la tarehe 26 Agosti 1789. Miaka 13 kabla yake mfanyabiashara Mfaransa Morice alikuwa amefunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua kwake watumwa 1,000 kila mwaka, na biashara hiyo ya kwenda Île de France, Mauritius ya leo, haikukoma kwa sababu ya tamko. Bunge la Paris lilifuta utumwa Februari 1794. Wajumbe waliopeleka amri hiyo kisiwani mwaka 1796 walirudishwa na wenye mashamba, na mwaka 1802 Napoleon akauhalalisha tena.

Basi uchukue ipi

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, au mtu anayetaka kujua bunge na katiba vilizaliwaje mahali pa mfalme, achukue Ufaransa. Kadhalika padri, shehe, mchungaji au yeyote anayejiuliza dola inaweza kuliingilia kanisa kwa kiasi gani kabla kanisa halijapasuka. Asianzie Bastille. Aanzie kwenye madaftari ya malalamiko ambayo kila parokia iliandika mapema 1789, na msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma Kifaransa ana bahati, kwa kuwa atayasoma yalivyo.

Anayefanya kazi na masuala ya ardhi, ushirika au serikali za mitaa, na anayetaka kujua jeshi linaingiaje pale ufalme unapokosa mrithi wa kisiasa, achukue Ethiopia. Avumilie kwamba maandishi mengi yako kwa Kiamhari na Kiingereza, na kwamba waandishi wake wengi walikuwa upande fulani wakati ule, hivyo asome angalau wawili wasioelewana. Aanze na tangazo namba 31, ambalo ni fupi, kisha arudi nyuma hadi Negele. Akianza na Mengistu atasoma habari za dikteta, na mfalme, makasisi na mabwana shamba watampita bila kuwaona.